Nafasi Moja ya Kuugua

Kulikuwa na nchi ambayo jina lake halitajwi bila kibali, na kibali mimi sina. Mkisikia humu jambo linalofanana na la kwenu, hayo ni masikio yenu, msinitie mimi matatani.

Katika nchi hiyo watoto wachanga walikuwa wakifa kwa kuhara. Masika yakiingia, visima vinachafuka, na kila mtaa unapeleka vijeneza vyake makaburini kama watu wanaolipa kodi. Halafu yakaja matone. Wala si sindano, ni matone tu ya mdomoni. Mtoto anameza, anakunja uso, basi. Masika ya kwanza baada ya matone, mchimba makaburi wa Mtaa wa Bondeni alikaa bure mpaka akachoka, akaamua kulima mchicha. Nalisema hili mapema tusije tukakoseana: hadithi hii haina ugomvi na matone. Ugomvi wake ni na waliokabidhiwa hayo matone.

Pale Bondeni aliyeyatangaza matone alikuwa Siwema, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene kuliko yeye mwenyewe. Zahanati ilimpa kipaza sauti, akawa anapita vichochoroni asubuhi: "Akina mama, jua limetoka, kuhara hakupigi hodi, leteni watoto." Anayejificha humtaja kwa jina. Watu walimcheka na kumtii. Binti yake mwenyewe, Chausiku, alipofikia umri wa matone, alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na mama mtu akautangazia mtaa mzima kwamba mwanawe amemeza bila kutema.

Sasa, ndani ya kila boksi la matone mlikuwa na karatasi. Watengenezaji waliandika bila kificho kwamba mara chache mno, kwa mtoto mmoja kati ya makumi elfu, utumbo unaweza kuziba siku chache baada ya matone. Kwamba mama aelezwe dalili zake. Na kwamba mtoto akiwahishwa hospitali anapona. Karatasi ya watu wazima. Ikafika mezani kwa Waziri wa Afya na Sherehe, Mheshimiwa Lukindo. Mheshimiwa akasoma mpaka kwenye neno "mmoja", simu ikaita, hakuendelea.

Kesho yake akalihutubia taifa. "Ndugu wananchi," akasema, "baada ya majadiliano mazito na mataifa makubwa, nchi yetu imepangiwa mtoto mmoja wa madhara. Mmoja tu. Majirani zetu hawakupata hata nusu." Watu wakapiga makofi kwa nguvu, maana majirani hao walikuwa wametufunga, yaani wamewafunga, katika mpira.

Hapo hapo ikaundwa Kamati Teule ya Kupima Madhara Adimu, kazi yake kumpata huyo mmoja na kuhakikisha hatokei mwingine. Mwenyekiti akawa Profesa Ndimbwile, aliyepewa uprofesa na chuo cha uvuvi kwa kukizindulia choo. Wajumbe wakawa mwamuzi mstaafu wa mpira, kwa kuwa amezoea kukataa. Kiongozi wa bendi ya polisi, kwa kuwa ana sikio. Na Dakta Mshangama, bingwa wa kupasua watoto. Huyu wa mwisho waliambiwa lazima awemo, basi wakamweka awe mjumbe asiye na kauli. Na ili nafasi ya huyo mtoto mmoja isidharauliwe, ikatiwa marupurupu: atakayeipata atapelekwa ng'ambo kutibiwa kwa ndege, yeye na wasindikizaji wake, kwenye viti vya mbele vinavyolazwa. Kufa kufaana. Kabla wiki haijaisha nafasi ilikuwa imeshapata mwenyewe.

Asubuhi moja Siwema alikuwa akifuta vumbi kipaza sauti chake aliposikia Chausiku akilia kilio kisicho chake. Analia ghafla, anavuta magoti mpaka tumboni, ananyamaza amelegea, halafu tena. Akatapika maji ya kijani. Siwema akafungua nepi, akaona damu yenye utelezi, nyekundu kama jamu. Akamwita shoga yake Mwasiti, jirani wa ukuta mmoja. Mwasiti akaja mbio na mwanawe mgongoni, Mbaraka, mdogo kwa Chausiku, ambaye zamu yake ya matone ilikuwa kliniki ijayo.

"Twende, shoga," Mwasiti akasema. "Usibadilishe nguo, twende hivyo hivyo."

Hospitali Kuu karani wa mapokezi aliuliza swali moja bila kuinua kichwa. "Mtoto alipata matone?"

Mwasiti alimfinya Siwema kiunoni, maana alikuwa amesikia fununu. "Sema hakupata."

"Haku..." Siwema akaanza, na karani akainua kichwa.

"Sauti hii naijua. Wewe si ndiye wa kipaza sauti wa Bondeni? Uliyetangaza kwamba wako amemeza bila kutema?" Akarudisha kalamu mfukoni. "Basi, bibie, mtoto aliyepata matone akiugua haguswi mpaka Kamati iamue kama ameugua. Daktari akimgusa kabla ya hapo, amekiri."

"Amekiri nini?"

"Mimi sijui. Nimewekwa hapa ili nisijue. Kamati iko ghorofa ya pili, na leo wana kikao, una bahati."

Kikao kilikuwa kimefikia chai na sambusa. Siwema akasimama mbele ya meza na Chausiku mikononi, Mwasiti nyuma yake. Profesa Ndimbwile alipangusa vidole kimoja kimoja, akainuka, akakohoa kikohozi cha kitaifa.

"Mama, kwanza nikupongeze kwa kuzaa. Taifa hujengwa na watu, na watu, kama tafiti zinavyoonyesha, huanza wakiwa wadogo. Pili, tueleze bila jazba. Mtoto ana malalamiko gani dhidi ya serikali?"

"Hana malalamiko. Anakufa."

"Hiyo sasa ni jazba."

"Mzee wangu, alipata matone wiki iliyopita, na leo tumbo limeziba. Matone ni mazuri, mimi mwenyewe ndiye ninayeyatangaza. Lakini nasikia mara moja moja yana madhara..."

Filimbi ikalia. Mwamuzi mstaafu alikuwa ameivaa shingoni juu ya tai. "Faulo," akasema. "Neno hilo hutamkwa na Mwenyekiti peke yake."

Chausiku naye akalia, akakunja magoti. Kiongozi wa bendi akafumba macho, akawa anagonga meza kwa kidole mpaka mtoto alipolegea. "Kilio cha kawaida," akatoa hukumu. "Kinaanza juu, kinashuka, kinapumzika. Hata wimbo wetu wa taifa uko hivyo."

Dakta Mshangama, mwisho wa meza, alikuwa ameshika sambusa na kumkodolea macho mtoto. Akafumbua mdomo, akaufumba.

"Shida yako, mama, si ya kitabibu," Profesa akaendelea kwa upole wa kuudhi. "Shida ni kwamba nafasi imejaa. Tulipangiwa mtoto mmoja, na mtoto huyo yupo, tunaye, tunampenda. Tukikubali na wako watakuwa wawili, na wawili si adimu. Wawili ni mkusanyiko, na mkusanyiko unahitaji kibali cha polisi. Nikushauri kama baba yako: mrudishe nyumbani, mbembeleze avumilie, na mwakani uwahi mapema."

Hasira zilimpanda Siwema mpaka masikio yakaziba. "Mwakani nikuletee nini, mchanga wa kaburi lake?"

Filimbi ikalia tena, na wakatolewa nje.

Dakta Mshangama aliwafuata kwenye ujia na sambusa yake mkononi, ameisahau. Akamlaza Chausiku kwenye benchi, akambonyeza tumbo kwa vidole viwili, akaguna.

"Sikiliza, mama. Utumbo umeingia ndani ya utumbo. Umeshaona mkono wa shati unavyoingia ndani ukilivua kwa haraka? Ndivyo ulivyo. Ukivutwa taratibu unatoka, na mtoto anaishi. Ukiachwa mpaka jioni unaoza, na hapo hata mimi sina msaada."

"Na mle ndani ulinyamazia nini?"

"Mle ndani sina kauli. Nina kiti."

"Basi mpasue sasa hivi."

"Chumba cha upasuaji kina askari mlangoni. Kimewekwa akiba kwa ajili ya mtoto wa nafasi, asije akazidiwa kabla ya ndege yake. Askari ana amri aingie mtoto wa nafasi ya madhara, asiingie mwingine. Nilishajaribu kumpitisha mwingine."

"Lini?"

Dakta aliyashusha macho kwenye benchi, na Siwema akafahamu kwamba kuna mama mwenzake aliyemtangulia kwenye benchi lile. Mwasiti naye alifahamu, akamvuta Mbaraka kutoka mgongoni akamweka kifuani.

"Huyo mtoto wa nafasi yuko wapi?" Siwema akauliza.

"Wodi ya juu. Nitakupeleka. Ila usishtuke ukimwona."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Wodi ya juu ilikuwa na zulia na mapazia ya mikunjo. Katikati palikuwa na kitanda cha mtoto, cha vizuizi pembeni, kilichoungwa kwa benchi upande wa miguuni ili kimtoshe mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Hamdani, mpwa wa Waziri, muuza vipuri vya magari, mwanamume wa makamo mwenye masharubu na kitambi. Shingoni amefungwa kitambaa cha udenda chenye picha ya bata. Alikuwa akiongea na simu: "Bampa nitazileta mwenyewe, nikifika huko najaza kontena zima." Alipowaona akashusha sauti.

"Dada zangu, msinitazame hivyo. Mimi siumwi kitu. Nafuata mzigo tu ng'ambo. Mjomba ndiye aliyesema kuna safari ya bure."

"Kaka'ngu, nakuomba," Siwema akasema. "Huyu wangu anaumwa kweli. Muachie nafasi."

Hamdani akamtazama Chausiku, ambaye sasa hata kulia alikuwa ameacha. Kwa kitambo akafanana na binadamu. "Wallahi ningemuachia. Lakini mjomba ameshawaita watu wa televisheni."

Na kweli, mlango ukafunguliwa, akaingia Mheshimiwa Lukindo na kamera mbele yake, Profesa na Kamati nyuma yake. Hamdani akaitumbukiza simu chini ya mto, akajitia chupa ya maziwa mdomoni. Mtangazaji akanong'ona kwamba wako hewani, moja kwa moja, nchi nzima inatazama.

"Ndugu wananchi," Waziri akasema, mkono juu ya kichwa cha mpwa wake, "huyu ndiye mtoto wenu. Malaika huyu, mwenye umri wa miezi..." Akamgeukia Profesa.

"Mingi kiasi, Mheshimiwa."

"Mwenye umri wa miezi mingi kiasi, utumbo wake umeziba. Je, serikali imelala? Serikali haijalala. Serikali itafanya kila kilicho ndani ya uwezo wake, na kilicho nje ya uwezo wake itakipeleka kwenye kamati, ili malaika huyu apone."

Hapo ndipo Siwema alipotulia. Alikuwa ametangaza miaka mingi, na alijua kwamba neno likishapita hewani mwenyewe hawezi tena kulirudisha mfukoni. Akampa Mwasiti mtoto, akaitoa ile sauti yake ya vichochoroni.

"Mheshimiwa Waziri, sisi akina mama tunakushukuru. Lakini tunaogopa. Utumbo ukiziba hausubiri ndege, unaoza leo leo. Mtoto huyu atatufia angani, na nchi nzima imeshampenda. Na daktari wa kupasua huyu hapa, na chumba kinamngoja yeye. Sasa tunamcheleweshea nini mtoto wa watu?"

Kamera ikamgeukia Siwema, ikamgeukia Dakta, ikarudi kwa Waziri ikakaa hapo. Mheshimiwa Lukindo hajawahi kukataa kitu mbele ya kamera tangu azaliwe.

"Barabara," akasema. "Nilikuwa ndio nalifikia hilo. Naagiza malaika huyu apasuliwe sasa hivi."

Wakapiga makofi. Chupa ikamdondoka Hamdani.

"Mjomba," akaita kwa sauti ndogo, lakini mjomba alikuwa akitabasamu kwa taifa.

Wakamsukuma Hamdani na kitanda chake na benchi lake mpaka chumba cha upasuaji. Askari akauliza kama huyu ndiye mtoto wa nafasi, akaambiwa ndiye, akafungua. Taa zikawashwa, wauguzi wakavaa glavu. Dakta Mshangama alinawa mikono polepole, na watu wakashangaa kumsikia anapiga mluzi. Akainua kile kitambaa cha bata, akachora mstari wa wino kuanzia kifuani mpaka chini ya kitovu.

"Tulia, mwanangu. Ukiwa mtoto mzuri utapewa peremende."

"Dakta, nimepona," Hamdani akasema.

"Huwezi kupona, Kamati imeshaamua unaumwa." Akanyoosha mkono, akapewa kisu.

Hamdani hakungoja peremende. Aliruka vizuizi vya kitanda, akampita muuguzi, akampita askari, akatimua mbio kwenye ujia na lile gauni la hospitali lililo wazi nyuma, bata anampepea kifuani, kamera inamfuata nyuma kwa nyuma. Mwamuzi mstaafu alipuliza filimbi kuashiria ameotea. Kamati nzima ikamkimbilia, Waziri naye akakimbilia kamera.

Siwema akabaki na askari mlangoni.

"Amri yako inasemaje, baba?"

"Aingie mtoto wa nafasi."

"Nafasi ina mtu?"

Askari akatazama ujia mtupu. "Haina."

"Sasa inaye," Siwema akasema, akamnyanyua Chausiku.

Askari aliyainua macho yake darini na kuyaacha huko huko. "Mimi nimeona mtoto ameingia," akasema. "Mtoto mmoja, kama ilivyoagizwa."

Dakta Mshangama aliuvuta ule utumbo kwa vidole, taratibu, kama alivyosema. Ulikuwa umeanza kuwa mweusi pembeni, ukarudi rangi yake. Alipotoka kumwambia mama mtu, Siwema alikaa sakafuni akalia, yeye mwenye sauti ile, na haikusikika hata kwenye chumba cha pili.

Hadithi ingekuwa ya nchi nyingine ingeishia hapo. Hii haiishii hapo, kwa sababu Kamati ilikuwa haijaandika ripoti.

Nchi nzima ilikuwa imemwona malaika wa miezi mingi kiasi akikimbia na masharubu. Profesa Ndimbwile akalitolea jambo hilo maelezo ya kisayansi: mtoto wa nafasi amepona kwa kuiona tu sura ya Waziri, na akatembea siku hiyo hiyo, jambo ambalo halijatokea popote duniani. Kwa kuwa amepona kabla ya kutibiwa, hakuwa ameugua. Kwa hiyo madhara ni sifuri. Na Chausiku je? Chausiku alipatikana na kovu tumboni, na Kamati ikaamua kwamba ni mtoto mzima aliyepasuliwa kwa uzembe. Dakta Mshangama akahamishiwa kwenye mizani ya malori, huko barabara kuu, akapime uzito wa mahindi.

Siwema alipelekewa tangazo jipya la kusoma. Liliandikwa: Matone hayana madhara hata chembe, na anayesema yana madhara ana madhara yeye. Akalisoma kimyakimya akiwa amesimama mlangoni, akamrudishia aliyelileta.

"Nitatangaza matone hata bure," akasema. "Lakini nitasema na dalili. Mtoto akilia kwa kujikunja, akitapika kijani, ukiona damu, mkimbize. Nikisema hivyo mama atampeleka mwanawe matone, na akiona dalili atamwahisha. Nikisema hayana kitu, siku akiona damu atajua mimi ni mwongo, na hatanisikiliza tena mpaka nife."

"Dalili hazimo kwenye tangazo."

"Basi chukueni na kipaza sauti chenu."

Wakakichukua. Badala yake wakafunga kanda ya sauti ya Mheshimiwa Lukindo juu ya gari, ikawa inapita Bondeni ikijisifu. Gari likiingia mtaani, milango inafungwa. Mwasiti ndiye aliyewahi kuufunga wake, na kliniki ilipofika akamficha Mbaraka uvunguni, nyuma ya madumu ya maji.

Siwema alimkuta huko uvunguni. "Shoga, mtoe huyu. Kuhara kunaua wengi mno, hili lililompata Chausiku ni la bahati mbaya tu, mtoto mmoja kati ya makumi elfu. Na masika ndiyo hayo yanakuja."

"Najua," Mwasiti akasema. "Si matone ninayoyaogopa. Naiogopa ile Kamati. Wewe ulikuwa na ulimi, Siwema. Mimi ikinifika nitasimama mbele ya yule mwenye filimbi nitasema nini? Niliona lile benchi. Mimi ndiye ningekuwa yule mama mwingine."

Siwema akabembeleza, akakasirika, wakanuniana, Mwasiti hakumtoa. Na mtaa mzima ulikuwa umesikia habari kutoka kwa Mwasiti, kwa sababu ndiye aliyekuwepo, na kutoka Bondeni zikaenea nchi nzima. Zahanati ilikaa na matone yake kwenye jokofu, hayana wa kuyameza.

Masika yakaingia. Visima vikachafuka. Mchimba makaburi aling'oa mchicha wake kabla haujakomaa, kwa kuwa pale alipoupanda palihitajika. Mbaraka alihara akakauka midomo, macho yakadidimia. Siwema ndiye aliyembeba mpaka zahanati, na ndiye aliyembeba kumrudisha.

Mvua zilipokatika ikafanyika sherehe ya Kamati uwanjani. Watu walikusanywa kwa malori, na akina mama waliokuwa na watoto wakawekwa mbele ili wapigwe picha. Siwema aliwekwa mbele kwa sababu Chausiku alikuwa amenenepa. Mwasiti alikwenda naye, mikono mitupu. Bendi ilipiga. Profesa Ndimbwile akainuka na kikohozi chake.

"Mwaka jana, ndugu wananchi, tulipangiwa mtoto mmoja wa madhara. Mwaka huu Kamati imefanya kazi usiku na mchana, na ninayo furaha kutangaza kwamba matukio ni sifuri. Hakuna hata mtoto mmoja katika nchi hii aliyedhurika na matone." Hilo lilikuwa kweli kabisa, kwa kuwa hakuna aliyeyapata. Mheshimiwa Lukindo akamvika nishani. "Yupo mama yeyote hapa," Profesa akauliza kwa madaha, "mwenye neno?"

Mwasiti akainuka. Hakuwa amemwambia Siwema.

"Wangu amekufa," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, bendi ikabidi inyamazishwe. "Nataka aandikwe."

Wajumbe wakainamiana, wakanong'onezana. "Mtoto alipata matone?" Profesa akauliza.

"Hakupata. Nilimficha. Niliwaogopa nyinyi."

Uso wa Profesa ukakunjuka. "Ah, kama hakupata, mama, Kamati yetu haihusiki. Kaa chini. Pole sana." Akamgeukia karani. "Hiyo pia ni sifuri."

Filimbi ikalia, na soda zikaanza kugawiwa.

Walipofika kwenye ukuta wao, Mwasiti akashika komeo la mlango wake, akasimama.

"Siwema, ungenipiga," akasema. "Ungenipiga ukamchukua kwa nguvu. Mbona huko hospitali uliweza?"

Mwasiti akaingia ndani.

Asubuhi yake Siwema alitoka bila kipaza sauti. Alimfunga Chausiku mgongoni, akaenda mlango kwa mlango, akiweka mikono mdomoni ili sauti ifike ndani. Alisema matone ni mazuri. Alisema mara chache sana mtoto anaweza kuziba utumbo, na akazitaja dalili zote, damu na kijani na magoti. Halafu akasema, "Na ikimpata wako, nigongee mimi saa yoyote. Tutakwenda wote, na nitasimama mbele ya ile Kamati mimi." Nasikia kuna watu wameshaanza kumtafutia kosa.

Mlango wa kwanza haukufunguliwa. Akaenda wa pili.